Neva ya jicho hufika kwa kufukuzwafukuzwa

Juzi jioni nilikuwa kwa mat ya Rongai, tumekwama Lang'ata Road hata Bomas hatujafika, akaingia yule jamaa wa dawa, unamjua, kila mtu anayepanda gari za kutoka tauni anamjua, ana mkoba mweusi na sauti ya mhubiri. Siku hiyo alikuwa na chupa ya maji ya kahawia, mia tatu tu, "inaotesha neva." Neva za mgongo, neva za miguu, neva za macho. Mama mmoja alikuwa amekaa kando yangu, kiondo kwa mapaja, akamuuliza pole pole kama inasaidia presha ya macho. Jamaa hata hakumeza mate. Inaotesha neva mpya mama, utasoma Biblia bila miwani. Mama akaanza kufungua kiondo.

Mi si daktari. Nilisoma bayolojia chuo halafu maisha yakanipeleka kwingine, lakini stori ya vile neva ya jicho hupata njia ya kwenda kwa ubongo sijawahi kuiacha, na kila nikisikia "inaotesha neva" damu inapanda. Shida yangu na hiyo chupa si ati tu ni maji ya rangi, shida ni ile picha iko nyuma yake, na hiyo picha hata watu wenye digrii wanayo: ati neva ni kama sukuma wiki, weka mbolea, mwagilia, ngoja. Kuota ndio sehemu rahisi. Kufika mahali sahihi ndio kuna kazi, na ukichunguza vile mtoto tumboni anafanya hiyo kazi, utapata sehemu kubwa yake inafanywa na protini ambazo kazi yao ni kukataza. Hapana, si hapa. Hapana, rudi. Hapana, songa kule.

Fikiria ukubwa wa hiyo kazi kwanza. Kila jicho la mtu lina nyuzi kama milioni moja zinazotoka nyuma yake, zimefungwa pamoja kama nyaya za umeme ndani ya ala moja, na kila uzi umetoka kwa seli moja kwenye retina, ile ngozi nyembamba ndani ya jicho inayopokea mwanga. Zinatoka jichoni kwa tundu moja, zinaenda zikakutane na zile za jicho la pili chini ya ubongo, hapo zinagawana njia, zingine zinavuka upande wa pili zingine zinabaki upande wao, halafu zinaendelea mpaka sehemu za ubongo zinazopokea picha. Na zikifika hazikai tu popote: seli mbili majirani kwa retina lazima ziwe majirani pia kule ubongoni, la sivyo ungesimama tauni mbele ya jengo la Archives uone mlango wake uko stendi ya Kencom na miguu ya watu iko juu ya paa. Hakuna ramani imechorwa, hakuna fundi. Kuna uzi mmoja una ncha kama kiganja chenye vidole, unapapasa giza.

Hiyo ncha ilielezwa mwaka 1890 na Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, akiangalia uti wa mgongo wa kifaranga ambaye bado yuko kwa yai. Aliziona ncha hizo zimekufa na zimepakwa rangi, lakini akili yake ilikuwa kali hivi kwamba alizieleza kama anaziona zikitembea, na akadhani kuna kemikali inayozivuta. Hapo ndipo tulipokwama kwa miaka mingi sana, kwa neno kuvuta. Ni neno tamu, ukweli usemwe. Mtu anapenda kusikia neva inaitwa nyumbani.

Halafu kuna Roger Sperry, Mmarekani, miaka ya 1940. Huyu alichukua chura, akakata neva ya jicho, akageuza jicho lenyewe juu chini, akangoja. Neva za jicho la chura hurudi kuota, si kama za jicho letu. Zikarudi, chura akaanza kuona tena, lakini ukimwonyesha nzi juu yeye anatupa ulimi chini. Hakujifunza kamwe. Yaani kila uzi ulirudi mahali pake pa zamani kabisa ubongoni, haukujali kama hapo mahali pana maana tena au hapana. Sperry akasema basi lazima kila uzi una kitu kama kitambulisho cha kemikali, na ubongoni pia kuna alama zinazolingana nacho, akaiandika vizuri mwaka 1963. Nobel alipata 1981, ingawa ile ilikuwa ya kazi yake ya pande mbili za ubongo. Alama zenyewe hakuwahi kuzishika mkononi, na watu wakaenda kuzitafuta wakiwa na lile neno la Cajal kichwani, wakitafuta kinachovuta.

Jaribio lililogeuza mambo ndilo ninalipenda kuliko yote kwa hii stori nzima, na ni la bei rahisi kiasi kwamba ukilisikia unajiuliza mbona halikufanywa mapema. Friedrich Bonhoeffer na wenzake kule Tübingen, Ujerumani, 1987. Walichukua utando wa seli kutoka sehemu ya ubongo wa kifaranga inayopokea picha, ya mbele kando, ya nyuma kando, wakazipaka chini kwa mistari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kivuko cha miguu barabarani, kila mstari mwembamba kuliko unene wa karatasi. Halafu wakaweka kipande cha retina pembeni wakaacha nyuzi ziote juu ya hiyo mistari. Nyuzi za retina ya upande wa sikio, ambazo kikawaida huishia sehemu ya mbele, zikafuata mistari ya mbele peke yake, zimenyooka kama watu wanaofuata laini ya benki. Sawa, hapo bado unaweza kusema zimevutwa na utando wa mbele, na ndivyo mtu yeyote angesema.

Sasa wakapasha moto ule utando wa nyuma. Protini nyingi ukizipasha zinaharibika, kama ute wa yai. Kama nyuzi zingekuwa zinavutwa na wa mbele, kuharibu wa nyuma hakungebadilisha kitu. Lakini mistari ikakosa maana kabisa, nyuzi zikaota kila mahali. Kwa hivyo hazikuwa zinapenda mbele. Zilikuwa zinakimbia nyuma. Kumbe wanasayansi walikuwa wanatafuta mwenyeji anayesema karibu, na mlangoni alikuwa amesimama askari.

Na kuna kitu kingine kwa lile jaribio ambacho watu hukiruka. Ukizipa nyuzi hizo hizo utando wa nyuma peke yake, bila mistari, bila chaguo, zinaota juu yake vizuri tu. Hiyo "hapana" si ukuta, ni kulinganisha. Kuna pabaya na kuna pabaya zaidi.

Askari mwenyewe alipatikana 1995, tena na makundi mawili mwaka mmoja, protini tunazoziita siku hizi efrini, ziko chache upande wa mbele na zinaongezeka ukienda nyuma. Nyuzi za upande wa sikio zina vipokezi vingi vya efrini, yaani masikio ya kuisikia, kwa hivyo zinaumia mapema, zile za upande wa pua zina vichache kwa hivyo zinaweza kwenda mbali. Njia rahisi ya kuelewa ni hii mat yenyewe niliyokuwa. Kiti cha nyuma kabisa kwenye matuta kinakurusha mpaka kichwa kigonge bodi, kila mtu anajua. Wenye mgongo mbaya wanakimbilia mbele. Mwenye mgongo wa chuma hapendi nyuma pia, lakini mbele pamejaa, atafanya nini, anaenda nyuma. Hakuna mtu kwa hiyo gari anayependa kiti cha nyuma na bado kiti cha nyuma kina watu.

Usione ni mfano wa kuchekesha tu, kwa sababu kuna watafiti waliufanya kwa panya, mwaka 2000. Walibadilisha jeni ili karibu nusu ya seli za retina, zimechanganyika na zingine, zipate vipokezi vya ziada. Ni kama kupakia gari abiria nusu yao wana mgongo mbaya. Ramani ikagawanyika ikawa mbili: zile za vipokezi vya ziada zikajisongesha mbele, na zile zingine, ambazo hazikuguswa kabisa, ziko vile vile zilivyozaliwa, zikasukumwa nyuma. Hazikubadilika zenyewe, majirani ndio walibadilika. Mi nikiisoma hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa kabla uzi ufike huko kuna ile njia panda chini ya ubongo ambapo neva za macho mawili zinakutana, na hapo ndipo unapata protini zinazoitwa Sliti na kipokezi chake Robo. Jina Robo ni la kutuhusu sisi wa Nairobi kabisa. Lilitoka kwa inzi wadogo wa matunda: mwaka 1993 watafiti waliona inzi wenye kasoro fulani ya jeni, nyuzi zao za neva zinavuka mstari wa katikati, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka, basi wakaiita raundabauti, kifupi Robo. Wangekuja Globe saa kumi na moja jioni wangeokoa pesa za maabara. Kilichokuwa kimekosekana kwa hao inzi ni uwezo wa kusikia "usivuke", na miaka michache baadaye, 1999, ikathibitishwa kwamba mwenye kusema hilo neno ni Sliti, anayekaa pale pale katikati.

Kwa macho ya panya hata hivyo Sliti ana kazi tofauti kidogo, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza wanasema ndiye anaamua nani avuke na nani asivuke. Hapana. Yeye ni kama zile mabati za mjengo, unajua wakijenga jumba tauni wanaziba pande mbili wanawaachia kichochoro cha kupita, hakuna mtu anakwambia uende wapi lakini utaenda tu huko kwa sababu kwingine ni mabati. Sliti ziko pande zote za njia, nyuzi zinapita katikati. Ziko aina tofauti na zinasaidiana: ukitoa Sliti moja peke yake kwa panya karibu huoni shida, ukitoa ya kwanza na ya pili pamoja, kama walivyofanya mwaka 2002, nyuzi nyingi zinavuka mapema sana, mbele ya mahali pake, zinatengeneza njia panda ya pili ambayo haikuwa kwa mpango. Zingine zinapotea kabisa.

Kuna samaki mdogo mwenye mistari ambaye maabara nyingi humtumia kwa sababu mtoto wake ni kama kioo, unaona ndani. Walimrekodi akiwa hai, nyuzi za jicho zikitembea, wa kawaida kando na mwenye Robo mbovu kando. Ulitegemea wa kawaida awe hakosei, si ndio? Lakini wapi. Nyuzi zake pia zinakosea, zinatoka nje ya njia, ila zinagutuka zinarudi. Huyo mwingine anakosea na haambiwi, kwa hivyo anaendelea na kosa mpaka mwisho. Naona hii ndio inafaa kufundishwa kwa shule kuliko ile michoro ya mshale mmoja ulionyooka kutoka jicho mpaka ubongo.

Nani anaamua uvuke au ubaki basi? Hapo inarudi efrini, ya aina nyingine. Kiluwiluwi macho yako pembeni na nyuzi zote zinavuka. Akigeuka chura macho yanasonga juu, yanaanza kuona eneo moja pamoja, na wakati huo huo efrini inatokea pale njia panda, na nyuzi mpya zenye kipokezi chake zikifika zinakataliwa kuvuka, zinabaki upande wake. Kuku, macho pembeni, zote zinavuka. Kwa panya nyuzi chache tu ndizo hubaki upande wake, asilimia tatu hivi. Sisi macho yote yako mbele, karibu nusu zinabaki, na hizo ndizo zinatupa kupima umbali, kujua hiyo boda iko mita ngapi kabla uvuke. Uwezo wa kushika uzi kwa tundu la sindano umejengwa na kukataliwa. Kwa watu wenye ualbino hesabu hii huwa tofauti, nyuzi nyingi kuliko kawaida zinavuka, kwa sababu rangi ya jicho inapokosekana seli za retina ambazo nyuzi zake hubaki upande wake zinapungua, na ndio maana wengi wao kupima umbali kwa macho mawili ni shida ambayo miwani haitibu. Sensa yetu ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu. Mwalimu anayemwambia mtoto kama huyo "vaa miwani yako udake mpira" angejua hii angenyamaza.

Niseme pia kwamba kuvuta kuko, nisije nikaambiwa nimeficha. Kuna protini ya kuvuta inaitwa netrini, ilipatikana 1994 na jina lake limetoka kwa neno la Kisanskriti la mtu anayeongoza njia, na pale tundu la kutokea jichoni netrini ndiyo inaziita nyuzi zitoke. Lakini hata hiyo ikikutana na protini nyingine, laminini, uzi ule ule unageuka unaikimbia. Kwa hivyo hakuna protini ya wema na protini ya ubaya, inategemea uzi unasikia nini na uko wapi. Na ramani ikishachorwa hivi kwa kukatazwa inakuwa bado ni ya mkono mzito, inakuja kunolewa baadaye na umeme wa neva zenyewe, hata kabla mtoto afungue macho. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Turudi kwa chupa. Neva ya jicho la mtu mzima ikikatika au ikifa na presha hairudi, na sababu moja ni hizi hizi protini za kukataza. Martin Schwab wa Zürich alionyesha mwaka 1988 kwamba ile mafuta inayofunika nyuzi ndani ya ubongo ina kitu kinachozuia kuota, na mwaka 2000 ikapatikana moja yao ikaitwa Nogo. Kabla yake, Albert Aguayo kule Montreal alikuwa ameonyesha kwamba nyuzi za jicho la panya zinaweza kuota tena ukizipa kipande cha neva ya mguu zipitie, kwa sababu neva za miguu na mikono huota zenyewe, pole pole, mazingira yao si ya kukataza hivyo. Basi magazeti yakapata adui. Ondoa Nogo, kipofu ataona.

Wapi. Panya waliofugwa bila Nogo walifanyiwa majaribio na maabara tatu mwaka 2003 na majibu hayakukubaliana, mmoja anasema zimeota, mwingine anasema hata dalili. Baadaye watu wakapata njia kali zaidi, wakagusa seli zenyewe ziwe na hamu ya kuota kama za mtoto, na hiyo kweli ilifanya kazi, neva ya jicho ikaota, watu wakapiga makofi. Halafu wakaangalia vizuri zilikoenda. Nyingi zilikuwa zinayumba, zinarudi zilikotoka, na zikifika ile njia panda zingine zinaingia kwa neva ya jicho la pili, zinaelekea jicho la pili. Fikiria hiyo. Neva imeota, imetoka jicho moja, inaenda kuangalia jicho lingine.

Ndio maana nasema chupa inayootesha neva, hata kama ingekuwa kweli, ungeikimbia. Na nasema hata wanasayansi wenyewe, wakati wanaandika kuhusu "vizuizi" kama takataka za kuondolewa, wanatuchezea na lugha. Askari wa getini si tatizo la ploti.

Sikumwambia mama haya yote, nani ana muda huo kwa mat. Nilimwuliza tu, mama, si ulipewa matone ya macho? Akasema alipewa, akatumia mwezi mmoja, hakuona yamemwongezea kitu, akaacha. Nikamwambia hayaongezi. Yanashusha presha ili zile nyuzi zimebaki zisife, zilizokufa zimekufa, na ukiacha utapoteza zingine na hutasikia hata maumivu. Akaniangalia muda mrefu, nadhani hakuna mtu alikuwa amemwambia hivyo kwa Kiswahili. Akaniuliza sasa kijana wangu hata kama sioni tofauti niendelee? Nikamwambia hasa kama huoni tofauti. Arudi kliniki Jumatatu.

Jamaa wa dawa alikuwa ashashuka, amepanda gari ya nyuma yetu, mia tatu ya mama mfukoni. Mama akaitoa chupa kwa kiondo, akaigeuza geuza kwa taa ya simu yangu, akairudisha.

"Basi hii nitampelekea mzee, yeye ndiye mgonjwa wa miguu. Miguu nayo neva zake zinaota, si ndio?"